Siku Jina la Kwa Mnuno Lilipofunga Virago

Jana usiku nililala mashavu yakiniuma kwa kutabasamu, na kabla sijageukia ukutani nikaota kwamba kumekucha, nimesimama mlangoni pa mkahawa wetu, na jina la mkahawa linatoka nje na mkoba wake.

Nieleze kwanza, maana jambo hili lina mizizi. Mkahawa wetu uko Ngamiani, Tanga, na hauna kibao. Mama yangu, Bi Mwantumu, aliufungua miaka arobaini na moja iliyopita, akapika mbaazi za nazi, mahamri na mkate wa kumimina, akakataa katakata kuandika neno lolote ukutani. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza. Watu wakajiitia wenyewe Kwa Mnuno, kwa sababu mama hajawahi kumchekea mteja hata mmoja. Ukiingia anakutazama juu mpaka chini. Ukiagiza anakukosoa. Ukibakiza anakuuliza chakula kimekukosea nini. Watu walikuwa wakitoka Pongwe na Muheza kuja kukaripiwa, na mimi, Sikudhani binti yake, niliona aibu kwa jambo hilo tangu nikiwa darasa la tatu.

Miezi mitatu iliyopita magoti ya mama yaligoma. Akabaki nyumbani, mkahawa nikaushika mimi. Binamu yangu Twaha, aliyewahi kuhudhuria semina ya biashara ya siku mbili na akarudi na kalamu ya bure, aliniambia nianze na tabasamu. Nikatabasamu. Wateja wakapungua. Twaha akasema nitabasamu zaidi. Nikazidisha, nao wakazidi kupungua. Mbaazi ni zilezile, nazi ni ileile, mkono ni wangu lakini umefundishwa na mama. Ni mkate wa kumimina tu ambao sikuupika tena, kwa sababu ule hauinuki mpaka umiminwe na mama mwenyewe. Kila jioni nikirudi nyumbani mama ananiuliza swali moja: "Leo nani hakumaliza?" Nami namjibu, "Sijui, mama, lakini wote niliwachekea." Mama anageukia ukutani.

Basi nikaagiza kibao. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu: TABASAMU MGAHAWA. MTEJA NI MFALME. Kilikuwa kimeegeshwa pale mkahawani, kikisubiri kutundikwa asubuhi. Niliogopa, sitaficha. Kama hata kibao kisingewarudisha watu, mkahawa wa mama ungefia mkononi mwangu, na mama angali hai kuuona ukifa.

Hapo ndipo nikaota.

Jina la mkahawa wetu ni kizee cha kimo cha birika. Limejifunga kanga kiunoni kama mama, uso limeukunja kama mama, na limelowa. Nikaliamkia, ingawa nimelizidi miaka miwili.

"Marahaba," likajibu. "Nipishe."

"Unakwenda wapi?"

"Nimesoma kibao. Hakuna aliyeniambia, nimesoma mwenyewe. Mpangaji mwenye haya hasubiri vyombo vyake vitolewe nje."

"Mbona umelowa?"

"Mimi naishi midomoni mwa watu. Kuna unyevu kidogo, lakini nimezoea. Siku hizi ndiyo siwezi. Mtu anafungua mdomo anitaje, anasita, ananimeza. Juzi mmoja alinitafuna pamoja na muwa."

Kibao kikakohoa pale kilipoegemea. Kilikuwa na sauti ya Twaha, ila na rangi mbichi kooni. "Lipishe liende," kikasema. "Jina ni mimi. Na kuanzia sasa, mteja ni mfalme."

Mara nikasikia ngoma. Mtaa mzima unanyamaza. Anakuja Mwalimu Kibwana.

Mwalimu Kibwana ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kwa miaka thelathini amekaa mwisho wa benchi letu, karibu na dirisha, amevaa kandambili. Leo anatembea chini ya mwavuli mkubwa, na kichwani amevaa taji. Taji lenyewe ni mkate wa kumimina, umetobolewa katikati, unamkaa vizuri ila umembana kidogo. Nyuma yake anakuja Bi Chausiku muuza dagaa, naye ana taji. Nyuma yake Mhina fundi cherehani, taji lake limepindiwa ukingo kwa uzi.

Wote watatu wakaketi kwenye benchi lilelile, na papo hapo wakagombania mpaka.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye mtungi ni nchi yangu," alisema Bi Chausiku, akachora mstari mezani kwa chai.

"Chumvi iko upande wangu," alisema Mhina.

"Iombe."

"Mfalme haombi chumvi. Huitwaa."

Akaitwaa. Kijiko kilichotaka kuvuka kwenda kwa Mwalimu kikasimamishwa mpakani na kuulizwa kilikozaliwa. Kikasema hakikumbuki, kilikuwa kidogo. Wakakirudisha.

Benchi likanigeukia. "Binti Mnuno," likasema kwa upole, "mimi nilichongwa kwa ajili ya watu wanne. Sikuambiwa habari za madola matatu."

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikatabasamu. Tabasamu likakwama. Nilijaribu kulirudisha, halikurudi, na kila neno nililolisema lilitoka limepakwa asali. Nilitaka kusema jamani, tulieni. Nikasema, "Karibuni sana, waheshimiwa, jisikieni mko nyumbani."

Mwalimu Kibwana akavuta bakuli la sukari. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mwalimu ana kisukari, Tanga nzima inajua. Cha nne. Ninatazama kidole chake kikubwa cha mguu, kwenye kandambili, kinageuka sukari guru. Cha tano. Mguu mzima.

"Mwalimu," nikasema, "chai yako ni tamu kama ulivyoitaka?"

"Mfalme hakatazwi," akanijibu kwa huzuni, na akachota cha sita. Nilijua kwa hakika, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba hataki ile sukari. Anasubiri kitu kwangu, nami sina.

Nikakumbuka Jina. Mlangoni halipo. Nikakimbilia jikoni kulitafuta. Naingia jikoni, na jikoni hapana jiko. Ni ofisi.

Ilikuwa Ofisi ya Majina ya Kale, dirisha la mikahawa na magenge. Kwenye mabenchi yalikaa majina ya sehemu zilizokwisha kufungwa, kila moja na mkoba wake magotini. Niliyatambua mengine. Kulikuwa na jina la duka la mikate la utotoni mwangu, limepungua sana, limebaki herufi nne na kikohozi. Jina letu lilikaa mwisho wa foleni na tiketi mkononi.

"Mnasubiri nini?" nikauliza.

"Gari la kusahaulika," likasema jina la duka la mikate. "Linaondoka saa mbili kamili. Kwa kawaida magari huchelewa, ila hili halijawahi."

Saa ya ukutani ilikuwa sahani ya mbaazi. Mishale ilionyesha saa mbili kasorobo.

Dirishani alikaa upawa wa mama. Ni upawa wa kifuu cha nazi, mpini umeungua nusu, na ndotoni alikuwa amevaa miwani. Aliniangalia namna upawa unavyomwangalia mtu aliyewahi kuutumia kuulia mende.

"Naomba nirudishiwe jina letu," nikasema.

"Jaza fomu."

Fomu ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: jina la mkahawa. Sehemu ya pili: mteja wa mwisho kukaripiwa, tarehe, na sababu ya kumkaripia.

Nikasimama na kalamu ya Twaha mkononi. Miezi mitatu. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kuandika.

"Sina," nikasema.

"Basi na jina huna. Dirisha limefungwa."

"Lakini bado mapema."

"Afisa anayepiga mhuri ametoka kwenda kunywa chai."

"Wapi?"

"Alikuwa akinywa kwenu," akasema upawa, akavua miwani na kuifuta. "Siku hizi anazunguka tu."

Nikamwambia kwamba sikuelewa. Nikamwambia kuwa mama alikuwa na kiburi kwa wateja, kwamba nimetumia maisha yangu kumwombea radhi kwa watu, na kwamba semina imesema mteja anataka heshima. Nilisema yote hayo kwa tabasamu kubwa, jambo lililoharibu uzito wake.

Upawa hakubishana. Alinyoosha mpini akateremsha birika la mama kutoka rafuni, lile jeusi lenye kifuniko kilichofungwa kwa waya. "Shahidi," akasema. "Eleza ulichosikia kwa miaka arobaini na moja. Kwa ufupi, kuna foleni."

Birika likafungua kifuniko. Ulitoka mvuke, na ndani ya mvuke sauti ya mama.

"Mwalimu, weka hicho kijiko. Unataka ukatwe mguu ndipo ujue sukari inatosha?"

Kisha: "Wewe Chausiku, hiyo nusu unaifunga kwenye mfuko unampelekea nani? Kula chote. Cha wajukuu nimekifunga pembeni, hukioni?"

Kisha: "Mhina, keti. Suruali za watu hazina miguu ya kukimbilia. Kula taratibu, juzi umelazwa na vidonda vya tumbo, leo unameza kama bata."

Kisha mengine mengi, ya watu ninaowajua na wengine waliokwisha kufa. Fulani aambiwe akapatane na nduguye kwanza ndipo apewe mahamri. Fulani mbona anakuja peke yake wiki ya pili, mkewe yuko wapi. Mama hakuwahi kumkaripia mtu kabla ya kumtazama sahani. Miaka yote nilisikia ukali tu. Nilikuwa nasimama karibu mno na mlango, nikiona aibu, nisione anachokiona yeye.

Na lile swali lake la kila jioni. Leo nani hakumaliza. Nilidhani anaulizia mbaazi.

Nikalia. Nililia huku natabasamu, kwa sababu tabasamu lilikuwa bado limekwama, na upawa akaandika kwenye daftari kwamba sura ya mwombaji haieleweki.

"Karipio halijazwi kwa wino," akaniambia, kwa sauti laini kidogo. "Nenda kalitoe. Una dakika kumi."

Nikaliendea Jina. Lilikuwa limesimama, maana nje gari lilikuwa linawashwa.

"Nipe dakika tano tu," nikasema.

"Mama yako alisema hivyo kuhusu mbaazi kwa miaka arobaini na moja, na kila mara ilikuwa nusu saa." Likaitazama tiketi yake, likaikunja, likaichomeka kwenye kanga. "Twende. Ila mkoba wangu nabeba mwenyewe."

Tukafungua mlango wa ofisi, na ulikuwa mlango wa mkahawa.

Hali ilikuwa mbaya. Mwalimu Kibwana amekuwa sukari mpaka kiunoni, na sisimizi wamekwisha kujipanga mlangoni kwa ustaarabu. Bi Chausiku amefunga mbaazi zake zote kwenye mfuko, anaitazama sahani tupu kifalme, na tumbo lake linanguruma mpaka ngoma inalipisha. Mhina anakula amesimama, kwa miguu yote miwili, akimeza mbaazi pamoja na vijiko vyenyewe.

Nikakunja uso. Haukukunjika. Nikafungua mdomo nikaripie. Ukatoka, "Mtukufu, ungependa na kitambaa?"

"Unafanya kinyume," lilininong'oneza Jina, limenishika pindo la gauni. "Usihangaike na uso wako. Mtazame sahani."

Nikatazama. Kwa mara ya kwanza tangu niushike mkahawa ule, sikuangalia kama wananifurahia. Niliangalia wamekula nini, wameacha nini, na mikono yao inafanya nini. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshika kijiko cha kumi na moja juu ya kikombe, haujakimimina.

Hapo tabasamu likadondoka. Lilianguka chini ya meza kwa mlio wa kifungo. Mhina akaliokota kwa mazoea ya kazi yake, akaniuliza kama nataka alishone tena. Nikamwambia aliweke, iko siku litafaa.

"Mwalimu," nikasema, "weka hicho kijiko."

Ngoma ikanyamaza. Mwalimu akainua kidevu. "Mfalme hakatazwi."

"Mfalme wa wapi? Jana ulikuja hapa na kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani. Umefundisha hesabu miaka thelathini, vijiko vimekushinda kuhesabu? Weka chini kabla sijaja kukuwekea."

Midomo ya Mwalimu ikaanza kutetemeka. Nilidhani nimemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka sukari ikamdondoka miguuni chengachenga, na ndani yake miguu yake mwenyewe ikaonekana, mizima, na kandambili zake mbili zisizofanana. Sisimizi wakatazamana, wakaondoka kimya kimya.

"Na mimi," akasema Bi Chausiku, akijisogeza mbele.

"Wewe fungua huo mfuko ule. Cha wajukuu nitakufungia mimi. Ukianguka njiani na dagaa wako, nani atakuokota?"

"Na mimi," akasema Mhina.

"Wewe nilikwambia keti."

Akaketi. Alikaa kwa raha sana. Mstari wa chai mezani ukakauka, chumvi ikapita mkono kwa mkono bila kuulizwa kitu, na benchi likashusha pumzi ndefu hadi wote watatu wakateremka inchi moja. Kisha wakavua mataji yao wakayachovya kwenye chai, wakayala. Ila Mwalimu alikuwa bado amevaa lake nusu, maana lilikuwa limembana.

Jina likaweka mkoba chini. "Fungueni midomo," likasema.

Wakafungua. Likapanda juu ya meza, likachungulia mdomo mmoja baada ya mwingine kama mtu anayekagua vyumba, likasema mdomoni mwa Mhina kuna pengo zuri la kuweka mkoba.

"Na mimi je?" kikauliza kibao. Kilikuwa kimepoteza ujasiri. "Mimi nimeshapakwa rangi."

Nikakilaza kifudifudi mezani, nikapanga mahamri juu yake yapoe. Kikasema kina joto zuri mgongoni. Kwa mbali nikasikia gari la kusahaulika linapiga honi, linaondoka saa mbili kamili, na kiti kimoja kitupu.

Nikaamka.

Mashavu hayakuuma tena. Nilikwenda kumwamkia mama kitandani, akanitazama kwa muda mrefu, juu mpaka chini.

"Umeamka umenuna," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi. Nitafutie fimbo yangu. Kuanzia kesho utanipeleka nikakae mlangoni."

Nikaenda kufungua mkahawa. Kibao kilikuwa kimeegemea ukutani vilevile, rangi yake nyekundu, hakina la kusema. Nikakigeuza, nikakilaza mezani, nikapanga mahamri juu yake. Ndoto ni ndoto, nikajiambia. Mtu akila maharage ya nazi usiku, aote nini kingine?

Saa moja na nusu akaingia Mwalimu Kibwana. Alikuwa peke yake, amevaa kofia yake ya kushona. Akaketi mwisho wa benchi, karibu na dirisha, akavuta bakuli la sukari pasipo kuniangalia. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Mkono ukarudi kwa cha tatu.

"Mwalimu," nikasema, "weka hicho kijiko."

Mkono ukasimama hewani. Akaniangalia kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba miezi mitatu na leo kaitikiwa. Kisha akakirudisha kijiko, polepole, na akavua kofia ili ajifute jasho.

Kwenye paji lake la uso kulikuwa na alama ya mduara, kama ya kitu kilichombana usiku kucha. Kofia yake ni pana, haimbani. Na kwenye mvi zake kulikuwa na makombo meupe.

"Umekula wapi mkate wa kumimina, Mwalimu?"

"Sijala popote. Tangu jana magharibi sijatia kitu mdomoni."

Akajipapasa kichwani, akalitoa kombo moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Akalinusa. Akalitia mdomoni, akafumba macho.

"Lakini huu," akasema taratibu, "ni wa Kwa Mnuno."

Nikamwambia afunge mdomo anapotafuna.